Dagaa, bei na sauti: acha kumchagulisha mtu aina

Nilipoanza kutengeneza mtandao mdogo wa kijamii wa wauza dagaa hapa Kigoma, kwenye hifadhidata nilijenga jedwali la maandishi, la picha, la sauti na la video. Kila kitu chumbani kwake. Nikajiona fundi.

Kisha mama mmoja wa Kibirizi akataka kutuma picha ya dagaa wake juani, bei ya debe, na sauti ya kuapa kwamba mzigo haujanyeshewa. Programu ikamwambia achague: picha, maandishi au sauti? Akachagua kurudi WhatsApp.

Huku ndani ndiko kulikokuwa na balaa. Maoni ya picha yana jedwali lake, ya sauti lake, na ukurasa wa mwanzo unayaokota yote kila unapofunguliwa. Kuongeza aina moja mpya kulinila wiki nzima.

Nikabomoa. Sasa kuna jedwali moja la machapisho: nani katuma, lini, kasema nini. La pili ni la viambatisho, na chapisho moja hubeba hata vitano vya aina tofauti. Mambo ya kila aina, kama urefu wa sauti au upana wa picha, nimeyatia kwenye safu ya JSONB (hubeba data isiyo na umbo moja), iliyomo PostgreSQL, programu yangu ya hifadhidata, tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014. Lakini usilewe JSONB ukatupia kila kitu humo. Bei watu wanaitafuta kutwa, kwa hiyo ina safu yake. Maoni yanashika chapisho, basi.

Faili nazo usiziamini kwa jina. Mtu hubadili jina likaishia .jpg na ndani ni kitu kingine. Soma baiti za mwanzo za faili, ndizo hutaja aina yake halisi. Picha za iPhone mara nyingi ni HEIC, muundo wa picha ambao Chrome haiufungui, hivyo seva yangu huzigeuza kuwa JPEG, na hapo hapo hufuta alama za GPS (watu hupigia picha uani kwao). Video isijicheze yenyewe: onyesha picha moja na ukubwa wake, mwenye bando aamue.

Yule mama amerudi. Juzi kalalamika kwamba sauti ndefu hazipandi. Kumbe Nginx, programu ya seva inayopokea faili za watu, usipogusa mipangilio yake, hukataa mzigo unaozidi MB 1, nami sikuigusa.