Gari likisimama kwenye zebra, na baiskeli isimame

Ukimuuliza mwendesha baiskeli wa Dar es Salaam kama anapaswa kusimama kwenye zebra, kuna uwezekano atacheka kwanza. Zebra ni habari ya magari, atakwambia. Baiskeli haina injini, haina namba, na trafiki hajawahi kuisimamisha. Mimi huenda Kariakoo kwa baiskeli kutokea Tabata, napita Buguruni na Barabara ya Uhuru, na jibu langu ni simama. Tena kuna hali moja ambayo kusimama hakuna mjadala kabisa, nayo ni pale gari la pembeni yako limeshasimama.

Sheria niimalize haraka, maana siyo inayoniongoza. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamhesabu anayeendesha baiskeli kuwa dereva. Anayesukuma baiskeli anahesabiwa kuwa mtembea kwa miguu. Kwa hiyo ukiwa juu ya kiti uko kundi moja na mwenye Coaster, na ukishuka ukaikokota uko kundi moja na mama anayetoka sokoni. Ile hoja ya "sisi ni watembea kwa miguu tu, ila tumekaa" inaishia hapo.

Sasa tuje barabarani. Sisi tunaendesha kushoto, na baiskeli inakaa kushoto zaidi, kati ya magari na mtaro. Foleni ikisimama, magari yanaganda na sisi tunatanua, yaani tunapenya pembeni yake. Hiyo ndiyo raha ya baiskeli Dar, siikatai. Lakini foleni inayosimama kwa sababu ya taa na foleni inayosimama kwa sababu kuna mtu anavuka zinafanana ukiziangalia kwa nyuma. Unachoona ni bodi la daladala na matako ya bajaji. Mvukaji anayetokea upande wa kulia amefichwa na gari zima, na wewe umefichwa kwake hivyo hivyo.

Pale Buguruni niliona jambo hili likitokea karibu yangu kiasi cha kusikia mlio wa breki. Coaster ilikuwa imesimama kabla ya zebra, dereva katoa mkono dirishani kuwapa watu ishara wapite. Mama mmoja mwenye kikapu akavuka, akapunga mkono kumshukuru dereva, akaipita pua ya gari. Kijana wa mikate alikuwa anatanua kushoto, kreti liko nyuma kwenye karia. Usukani ukamkamata mama ubavuni. Wote wawili chini, nyanya zikaingia uvunguni mwa Coaster, na kreti likafunguka, mikate ikasambaa hadi mtaroni. Mama aliinuka akishika mbavu, kijana goti limechanika. Abiria waligawanyika papo hapo: hawa wanamfokea kijana, wale wanasema mama naye angechungulia kwanza. Kijana hakubishana na mtu, alikuwa anarudia tu, "Mama nisamehe, sikukuona."

Nilimwamini. Angeonaje? Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao kwenye baiskeli si mbio, unakula zaidi ya mita nne kila sekunde. Mtu anahitaji karibu sekunde nzima kuona, kushtuka na kubana breki. Mama akishaipita pua ya gari, hatua moja tu yuko kwenye njia yako. Hapo hata breki ziwe mpya hazikusaidii, kwa sababu bado hujazigusa.

Ndiyo maana nasema usingoje kumwona mtu. Gari lililosimama karibu na zebra ndilo taarifa yako. Likisimama, chukulia kuna mtu mbele yake mpaka uhakikishe mwenyewe kwamba hakuna. Ukifika usawa wa bampa la mbele uwe umeshasimama, au unakwenda taratibu kiasi cha kuweka mguu chini muda wowote.

Hoja ninayoiheshimu kutoka kwa wenzangu ni ile ya uchovu. Dereva wa gari akisimama, anakanyaga mafuta anaondoka. Sisi tunalipa kwa mapaja. Ukisimama kila zebra kuanzia Buguruni hadi Mnazi Mmoja kwenye jua la saa nane mchana, utafika shati linakamuliwa. Lakini dawa yake ipo, nayo ni kuacha kupiga pedeli mapema. Ukiona zebra kwa mbali na kuna watu wamejikusanya pembeni, acha baiskeli ijiendee yenyewe, weka vidole kwenye breki, shusha gia kama unazo. Mara nyingi utakapofika watakuwa wameshavuka, nawe bado una mwendo kidogo wa kuanzia. Anayechoka sana ni yule anayekwenda kasi hadi mstari wa mwisho halafu anabana breki ghafla. Huyo anapoteza mwendo wote, na anawatisha watu bure.

Kabla ya kupunguza, geuza shingo uangalie nyuma. Hili wengi hawalifanyi, na kwa mjini kwetu hatari ya nyuma si ndogo. Bodaboda anayekufuata kwenye njia ileile ya kutanua hategemei kwamba baiskeli itasimama. Mimi huteremsha mkono wa kulia nikaupunga chini polepole, kiganja kimeangalia lami, halafu ndipo nashika breki. Akipiga honi, apige. Kuna siku bodaboda mmoja aliniuliza, "Mzee, umeharibikiwa?" Nikamwonyesha watoto wa shule mbele, akanyamaza, naye akasimama. Sijui kama siku nyingine atasimama nikiwa sipo.

Watoto wa shule wanahitaji uangalifu wa peke yake. Mtu mzima akianza kuvuka unaweza kukisia atafika wapi. Mtoto anaanza, anasita katikati, anarudi kumfuata mwenzake, halafu wote wanakimbia kwa pamoja. Usijaribu kupita mbele yao wala nyuma yao. Weka mguu kwenye ukingo ungoje hadi wa mwisho apande kando. Na kengele usiipige. Kengele ni nzuri kwa mtu anayetembea mbele yako bila kujua uko nyuma. Kwa aliye katikati ya zebra ni kama kumwambia "toka," na mtoto akishtuliwa anaruka upande wowote.

Kuna kundi moja ambalo siwezi kulihubiria kwa sauti kubwa: wabeba mkaa wanaotokea huko Pugu na Kisarawe. Baiskeli yenye magunia ya mkaa ikishasimama, kuiondoa tena ni kazi ya watu wawili, na breki zake za vyuma haziwezi kuushika ule uzito kwenye mteremko. Nilizungumza na mmoja wao, mzee wa makamo, nikamwamkia na kumuuliza anafanyaje kwenye zebra. Akasema, "Mwanangu, mimi kwenye watu wengi nashuka. Natembea nayo." Ananyoosha mkono, watu wanamwachia. Naliona jibu hilo kuwa la busara kuliko yote niliyosikia juu ya suala hili. Na kama yeye mwenye magunia anashuka, mimi mwenye begi la mgongoni nina kisingizio gani?

Mvua ikinyesha, zidisha umbali. Raba za breki zikilowa zinateleza kwenye rimu mpaka zikamue maji kwanza, ndipo zinashika. Mimi nikiikaribia zebra wakati wa mvua hubana breki kidogo kidogo mapema, kuzikausha. Na hiyo rangi nyeupe yenyewe inateleza ikilowa, kwa hiyo usikate kona wala kubana breki ya mbele ukiwa juu yake.

Michoro ya pundamilia ilianza kutumika rasmi Uingereza mwaka 1951, ili dereva aione kutoka mbali. Kwetu kuna sehemu ambazo rangi imefutika hadi unaijua zebra kwa mazoea tu. Wenyeji wanavuka palepale ilipokuwa, mgeni hajui kama ipo. Soma dalili nyingine: kibao kilichopinda, geti la shule, mlango wa msikiti saa za swala, kituo cha daladala, sehemu ya ukingo iliyolika kwa miguu ya watu. Hapo pachukulie kama zebra, rangi iwepo isiwepo.

Barabara ya Morogoro ina mtego wake. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 tuna njia ya baiskeli pembeni, na ukiwa humo unajiona uko salama na uko peke yako. Abiria anayetoka kituoni amelenga kuyakwepa magari. Akishayamaliza anapumua, anashika simu, na hapo ndipo anapoingia kwenye njia yako. Haangalii, kwa sababu kwa akili yake ameshavuka. Usimkasirikie. Pale Magomeni mimi hupita kwa mwendo wa mtu anayetembea, hasa asubuhi na jioni watu wanapomiminika.

Na ukitaka kuvuka wewe, shuka. Ikokote baiskeli juu ya zebra kama mzee wa mkaa. Nimeona wengi wanakata kona ghafla kutoka pembeni na kuvuka zebra wakiwa juu ya kiti, wakitegemea magari yatawasimamia. Dereva alikuwa amejiandaa kwa mtu anayetembea, halafu anatokewa na kitu chenye kasi mara tatu ya mtu huyo. Usiku bila taa ndiyo kabisa. Unaposhuka, simama ukingoni kwanza, mwangalie dereva usoni mpaka naye akuangalie, ndipo utie gurudumu la mbele barabarani.