Fonti ya mviringo kwa bango la chekechea
Mwalimu, kwa bango la chekechea hapo Kondele, chagua Fredoka au Baloo 2. Zote ni za bure, hata kwa biashara. Itumie kwa jina la shule pekee. Karo na nambari ya simu ziandike kwa fonti ya kawaida, kwani herufi nene za mviringo zikiwa ndogo, matundu ya a na e huzibika. Herufi za sentimita 10 husomeka vyema kutoka mita 12 hivi, na abiria wa matatu hana muda wa kukodoa macho. Kivuli achana nacho, hula nafasi kati ya herufi. Kabla ya kumpelekea mchapaji faili, geuza maandishi yawe michoro: kompyuta yake ikikosa fonti hiyo, itaweka nyingine na mpangilio wote utavurugika.