Bonde halipimwi Agosti

Mara ya kwanza kuingia kwenye timu ya tathmini ya athari kwa mazingira, kazi yangu ilikuwa kubeba GPS na kuandika. Mradi ulikuwa wa nyumba za kuuza, pembeni mwa tindiga moja, yaani bonde la kinamasi, nje kidogo ya Dar es Salaam. Tulikwenda Agosti. Ardhi imekauka hadi imepasuka, na buti za mvua nilizoazima kwa shemeji zilikuwa mzigo wa bure. Tukaandika kwamba eneo halina maji ya kudumu, tukapiga picha, tukarudi mjini.

Kulikuwa na mama mmoja analima mchicha pale. Aliniacha nipime nimalize, kisha akanionyesha mnazi wenye mstari wa tope usawa wa goti. "Mwanangu, njoo Aprili." Nililiandika lile neno kwenye daftari langu. Kwenye ripoti halikuingia, na mimi sikulipigania. Ndiyo kwanza nimepata kazi, nani angenisikiliza?

Nyumba zikajengwa. Masika ya pili maji yakaja kama kawaida yake, ila hayakuingia kwenye nyumba mpya kwa sababu zilikuwa juu ya kifusi cha zaidi ya mita moja. Yaliingia kwa majirani wa ng'ambo, watu waliokaa pale miaka na miaka bila kuyaona sebuleni. Tindiga ni kama beseni: ukilijaza mawe upande mmoja, maji yanamwagikia upande wa pili. Ripoti yetu ilikuwa na kurasa nyingi kuhusu vumbi na kelele za magari ya ujenzi. Kuhusu kifusi kitayasukumia wapi maji, hakuna kitu.

Kwa hiyo ripoti ya namna hii ikifika mtaani kwenu, anza na tarehe. Walikwenda uwandani lini? Kama ni kiangazi peke yake, dai warudi masika, kati ya Machi na Mei. Usitishwe na unene wa kitabu wala na Kiingereza chake. Kanuni za tathmini za mwaka 2005 zinataka kuwe na muhtasari wa lugha nyepesi kwa Kiswahili pia, basi uombeni.

Halafu chimbeni wenyewe. Jembe na koleo vinatosha, shimo la nusu mita. Udongo wa kijivu wenye madoadoa ya rangi ya kutu unakwambia maji hukaa hapo muda mrefu, hata kama leo unatembea na ndala. Tazameni pia matete na mafunjo yanaishia wapi. Nasema hivi kwa sababu ya zile mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Mjenzi atakuja na tepu na kupima kutoka kwenye kijito alichokiona Agosti. Mwulizeni ukingo huo uko wapi mwezi wa nne.

Hoja ya vyoo watu huionea haya, na ndiyo nzito kuliko zote. Piga hesabu: nyumba 100, watu watano kila nyumba, lita 80 kwa mtu. Hizo ni lita 40,000 za majitaka kila siku. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, karo la choo halinyonyi. Masika linafurika na kurudisha ulichokipeleka. Kama mpango ni magari ya kunyonya, gari la lita 10,000 litakwenda mara nne kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Nani atalipa?

Msidhani mradi ukiwa mkubwa basi umefikiriwa. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam iliwekwa Jangwani, kwenye bonde lilelile la Msimbazi lililofurika Desemba 2011 hadi wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mvua kubwa zikaja kuifurikia karakana nayo, si mara moja.

Sasa kikao cha wadau. Kuna soda, pengine na nauli, na kuna karatasi ya mahudhurio. Zile saini huambatishwa kwenye ripoti kuonyesha kwamba mmeshirikishwa, hata kama kikao kizima mlikuwa mnapinga. Saini, maana kweli ulikuwepo, lakini pembeni andika "sikubaliani". Kisha andikeni barua ya mtaa kwenda NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na picha za masika zenye tarehe. Pelekeni nakala mbili, moja irudi na mhuri wa kupokelewa. Hiyo yenye mhuri asipewe mtu, hata mwenyekiti akiiomba mara moja tu akaitolee kopi.