Mguu umevimba upande mmoja: kipimo gani kinaiona damu iliyoganda?

Mwaka jana mama yangu alivunjika kifundo cha mguu wa kushoto, akafungwa hogo kwa wiki 6. Siku chache baada ya kufunguliwa alipanda basi kutoka Mwanza kuja Dar es Salaam, akakaa kitini kutwa nzima, na alipofika kwangu shavu la mguu ule lilikuwa limevimba, gumu na la moto. Zahanati ya jirani ilisema ni misuli, ikampa dawa ya maumivu. Nami, Mungu anisamehe, nilimkanda kwa maji ya moto jioni mbili mfululizo. Naomba wewe usiukande mguu wa namna hiyo kabla haujapimwa.

Siku ya tatu alishindwa kutoka chumbani hadi chooni bila kuhema. Hospitalini alipigwa eksirei ya kifua, tukaambiwa mapafu ni safi, na kwa furaha tukaanza kukusanya mikoba. Daktari wa zamu alituzuia. Alichukua utepe, akapima mashavu ya miguu yote miwili, na tofauti ikazidi sentimita 3. Kisha akasema, "Mama, eksirei inaweza kuwa safi kabisa na damu ikawa imeganda kwenye mishipa ya mapafu. Naomba tutafute picha itakayoionyesha."

Kwanza ilikuwa ultrasaundi ya mguu, kwani bonge la mapafuni mara nyingi huwa limetoka mguuni. Niliruhusiwa kusimama karibu, na nilichokiona sijakisahau. Mtaalamu alipaka jeli kinenani, akaweka kipima, na kwenye skrini yakatokea maduara mawili meusi yaliyopakana. Alipobonyeza, ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ilibaki duara ikidunda, lakini vena, mshipa unaoirudisha, ilifumba kama jicho, kwa kuwa vena isiyo na tatizo ni laini na damu iliyomo husukumwa kando. Alishuka hivyo kidogo kidogo, akibonyeza na kuachia, hadi nyuma ya goti, na hapo vena haikufumba hata alipobonyeza kwa nguvu. Ndani yake kulikuwa na bonge la damu, na rangi za Dopla, sehemu ya ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, zilionyesha damu haipiti.

Kwa hiyo ukipewa majibu kwamba mguu hauna tatizo, uliza kama vena zote zimepimwa au zile za paja na nyuma ya goti tu. Ikiwa za chini ya goti hazikupimwa na uvimbe bado upo, mwombe daktari akueleze kama kipimo kirudiwe baada ya wiki moja, kwa sababu bonge dogo la chini huweza kupanda juu katika siku hizo.

Kipimo cha CT (eksirei ya kompyuta) cha mishipa ya mapafu kilikuwa na foleni hadi asubuhi. Daktari hakusubiri: kwa kuwa mama hakuwa na hatari ya kutokwa damu, alichomwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiku uleule. Hili ni jambo la kuuliza waziwazi pale picha inapochelewa.

Kabla ya CT walipima kreatinini ili kujua hali ya figo, wakauliza kuhusu mzio na dawa za kisukari, hasa metformini. Dawa yenye ayodini ilipoingia mkononi, mama alihisi joto likishuka kutoka kooni hadi kwenye nyonga, akadhani amejikojolea; mtayarishe mgonjwa wako ili asishtuke, kwani anatakiwa kutulia na kubana pumzi kwa sekunde chache. Kwenye picha mishipa huwa myeupe kwa ile dawa, na bonge huonekana kama pengo la kijivu katikati ya weupe huo. Mama alikuwa nayo mawili, pafu la kulia.

Mjamzito mwenye mguu uliovimba huanza vyema na ultrasaundi, ambayo haina mionzi, kwani bonge likipatikana mguuni matibabu huanza na huenda kifua kisihitaji kupigwa picha. Kuna pia kipimo cha damu kiitwacho D-dimer: kikiwa chini kwa mtu ambaye daktari anaona uwezekano wa bonge ni mdogo, hutosha kuondoa shaka, lakini kikipanda hakithibitishi kitu, maana ujauzito, upasuaji na maambukizi hukipandisha pia. Kwa mama, aliyetoka kufunguliwa hogo, daktari alikiruka, na naona alifanya sawasawa.

Mwishoni mwa matibabu omba ultrasaundi moja ya kumbukumbu. Vena iliyowahi kuziba inaweza kubaki na kovu lisilofumba vizuri, na mguu ukivimba tena mwaka ujao, daktari atahitaji picha hiyo ili atofautishe bonge jipya na kovu la zamani. Ya mama imo kwenye bahasha pamoja na kadi yake ya kliniki, na huibeba kila anaposafiri.