Uliza Anti: Nimeambiwa nikapulize filimbi, ndo dawa hiyo?

Anti shikamoo. Mi nina miaka 41, tangu mwaka jana sina raha na kitu chochote, usingizi hauji, kazini naenda tu ili nisiandikwe mtoro. Nikaenda kwa mshauri nasaha, tumeongea wiki kadhaa, halafu juzi ananiambia kuna warsha ya sanaa, watu wanachora, wanaimba na kupiga muziki wa kizamani wa Ulaya, ule wa miaka mia nne iliyopita huko, eti nikajiunge. Anti nimecheka mpaka machozi. Hata kupiga makofi kwa mdundo mi siwezi. Ndo dawa hiyo au kanichoka tu?
*Nimechoka Jumla*

Marahaba mdogo wangu. Hajakuchoka, aliyekuchoka angekwambia "jitahidi uwe bize" akaita mtu mwingine aingie.

Ngoja nikupe ya kwangu. Niliwahi kuingia kwenye warsha ya aina hiyo nikiwa na roho nzito kama yako, siku ya kwanza nikapewa rikoda, ile filimbi ya mbao yenye matundu saba mbele na moja nyuma la dole gumba. Nikaipuliza kwa hasira zote za wiki nzima, ikapiga yowe kama paka aliyekanyagwa mkia, nikatamani niiache pale niende zangu. Mwalimu wala hakucheka, akasema puliza kama unahemea kioo unataka kukifuta. Nikahemea. Ikatoka sauti, ndogo hivi, ya duara, na mi mwenyewe nikashtuka kwamba imetoka kwangu.

Ujanja wa kile kidude uko hapo hapo. Rikoda haitaki nguvu, ukikaza pumzi inapiga kelele, ukilegeza sana sauti inazama, kwa hiyo unajikuta unatoa pumzi ndefu, polepole, kwa dakika arobaini, bila mtu kukusimamia na kukwambia "sasa tunafanya zoezi la kupumua", maneno ambayo binafsi yananiudhi kupita kiasi. Na unapotoa pumzi taratibu mapigo ya moyo yanapungua, kuna neva ndefu inayotoka kwenye ubongo mpaka moyoni, inaitwa vagasi, hiyo ndo inayokanyaga breki. Kuimba nako ni hivyo hivyo, mstari mrefu unakulazimisha uigawe pumzi yako.

Sasa kwa nini wa kizamani? Kwanza ni mgeni kwa karibu kila mtu mle ndani, hakuna wimbo utakaokukumbusha harusi yako au yule aliyekuacha, na hakuna bingwa, wote mnaanzia sifuri. Halafu vyombo vyenyewe ni vya upole. Kuna kimoja kinaitwa viola da gamba, unakibana katikati ya miguu, nyuzi zake ni za utumbo wa mnyama, sauti yake haifiki mbali kabisa, kilikuwa cha chumbani sio cha ukumbini, kwa hiyo lazima usikilize mwenzako la sivyo mnapotezana. Ila ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba muziki mwingi wa wakati ule haukuandikiwa watazamaji. Mwaka 1597 Uingereza kilichapwa kitabu cha nyimbo ambacho ukikifungua sauti moja imeandikwa kuelekea kwako, nyingine imegeuziwa upande wa pili, nyingine pembeni, ili kitabu kimoja kilale mezani na watu wakae kukizunguka waimbe, kila mtu anasoma ya kwake. Jukwaa liko wapi hapo? Halipo. Kuna meza na kiti chako, na usipokuja sauti yako inakosekana, watu wanakuulizia. Kwa mtu anayeenda kazini ili tu asiandikwe mtoro, kuuliziwa kwa sababu hiyo ni kitu kikubwa.

Na kama unataka ushahidi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Mwaka 2018 Uingereza nako ulitoka utafiti wa kina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua, wengine walipelekwa kuimba kwa kikundi wiki 10, wengine michezo ya ubunifu, wengine wakabaki na huduma za kawaida. Makundi yote yalipata nafuu, ila wale waliokuwa na hali mbaya zaidi wakaimba walipata nafuu haraka zaidi. Umeona lakini, "haraka zaidi", sio muujiza.

Nenda mara tatu ndo uamue, moja haitoshi kwa sababu siku ya kwanza utakuwa unajiangalia tu. Kaa karibu na mlango. Ukishindwa kupuliza, chora. Na kwa mshauri usiache kwenda.

Anti, mdogo wangu wa kiume ana dipresheni, alikuwa anameza vidonge vya daktari. Tangu aanze kuimba kwenye grupu la sanaa amechangamka mpaka tunashangaa, sasa wiki hii ananiambia vidonge ameacha, muziki unamtosha. Nifurahi au niogope?
*Dada Mtu*

Furahia uimbaji, hilo la vidonge lifanyie kazi leo. Dawa za sonona hazikatwi ghafla, mtu anaweza kupata kizunguzungu, usingizi kuvurugika, wasiwasi, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi wiki au miezi baadaye wakati mmeshasahau kwamba aliacha kitu. Arudi kwa daktari wake, kama ni kupunguza watapunguza wote wawili kidogo kidogo. Usimgombeze, mwambie tu twende nikusindikize.

Na mpe hii stori, maana waimbaji wanapenda stori za waimbaji. Mwaka 1737 malkia wa Hispania alimleta Farinelli, mwimbaji aliyekuwa gumzo Ulaya nzima, amwimbie mumewe mfalme Philip V, ambaye huzuni ilikuwa imemshika mpaka inasimuliwa alikuwa haogi wala hanyoi. Mfalme akainuka, shughuli za ufalme akazirudia. Watu wakisimulia huwa wanaishia hapo hapo, kwa sababu panapendeza. Ila Farinelli aliendelea kumwimbia usiku hadi usiku miaka kama tisa, mpaka mfalme alipofariki mwaka 1746, na ugonjwa ulikuwa bado unaenda unarudi. Muziki ulimsaidia kuishi nao. Na yeye vidonge hata havikuwepo, mdogo wako anavyo, kwa nini avitupe?

Akianza kuongea habari za kufa au kugawa vitu vyake, hapo usisubiri siku ya mazoezi wala siku ya kliniki, mpeleke hospitali muda huo huo na usimwache peke yake.

Habari Anti. Naendesha warsha ya namna hii. Juzi tulikuwa tunapiga maombolezo ya karne ya 17, yale ambayo besi inashuka noti nne halafu inarudia tena na tena, dada mmoja akaanza kulia, wote tukaacha tukamzunguka, wiki iliyofuata hakuja. Nilikosea wapi? Na pia wafadhili wanataka tamasha mwisho wa kozi.
*Mwalimu wa Jioni*

Mwalimu, kile kibesi kimetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, kinateremka ngazi na hakifiki chini, dada wa watu hakufanya ajabu lolote. Kosa ni kumzunguka. Mtu akilia katikati ya watu ishirini waliosimama wakimwangalia anakuwa ameshapandishwa jukwaani bila ridhaa yake. Siku nyingine endeleeni kupiga, kwa sauti ya chini, mmoja wenu ambaye mmekubaliana toka mwanzo akakae naye pembeni, pawe na kiti huko na mlango usiofungwa. Yeye mpigie simu leo, usimuulize alilia nini, mwambie sehemu yake ya tenori, ile sauti ya kati, imekosa mtu.

Na maombolezo usiyaweke mwisho. Wazee wale walijua kupanga, pavana, dansi inayotembea taratibu, ilikuwa inafuatwa na galiadi, dansi ya kurukaruka, zinakwenda pamoja kama pea ya viatu. Watu watoke na galiadi miguuni.

Hilo la tamasha mi ningekataa. Ukimtangazia aliyekuja kupumua kwamba wiki ya kumi atatazamwa, kuanzia wiki ya pili anaanza kuhesabu makosa yake. Wafadhili wakaribishe siku ya kawaida, wakifika wape rikoda zilizosafishwa na wao wapulize, kiti cha kutazama kisiwepo.