Swali la lugha: hiyo picha ni ya mwezi au ya mbalamwezi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko Tanga. Juzi mwezi ulitoka mkubwa kweli kweli nikapiga picha kwa simu nikaandika chini yake "Mbalamwezi kubwa ya leo jamani". Kaka yangu akanikatalia, akasema mbalamwezi sio mwezi, nilitakiwa niandike "mwezi mwandamo". Rafiki yangu wa Nairobi naye anasema watu wa habari wanaita supamuni kwahiyo na mimi niite hivyo hivyo. Nani yuko sahihi? Halafu, tunasema "nimeupiga picha mwezi" au "nimepiga picha ya mwezi"?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako nimelipenda sana maana linagusa kitu ambacho Kiswahili kimekipanga vizuri kuliko wengi wetu tunavyojua, ila kila mwezi ukitoka mkubwa watu wanaandika haraka haraka na maneno yanachanganywa.

Tuanze na kaka yako. Kwenye mbalamwezi yuko sahihi. Mwezi ni lile umbo lenyewe lililoko angani, mbalamwezi ni mwanga wake unaotufikia huku chini. Ndo maana tunasema tulitembea kwenye mbalamwezi, watoto walicheza kwenye mbalamwezi, hakuna anayesema tulitembea kwenye mwezi labda wale wanaanga wa Marekani waliofika huko kuanzia 1969. Kwenye mazungumzo utasikia watu wakisema "angalia mbalamwezi ile" huku wanaonyesha kidole juu, na mimi mtu akisema hivyo barazani simkatizi, wanasema wengi na wanaelewana. Lakini wewe umepiga picha, na kwenye picha hii tofauti ina kazi kubwa, nitakuja hapo.

Kwenye mwandamo kaka yako kapotea kabisa, tena amekwenda upande wa pili. Mwezi mwandamo ni ule mwembamba unaoonekana magharibi jua likishazama, siku moja mbili tu za mwanzo, ule ambao watu wanapanda juu ya paa kuutafuta ili wajue kesho ni Ramadhani au ni Idi. Tukisema "mwezi umeandama" maana yake mwezi mpya umeanza. Kwahiyo ukiandika mwezi mwandamo chini ya picha ya mwezi wa duara msomaji wa pwani atashangaa, atajiuliza huyu leo anafunga au anafungua?

Jina la ule uliouona ni mwezi mpevu. Na hapa naomba tukae kidogo. Pevu ni neno la kitu kilichokua mpaka mwisho wa ukuaji wake, embe pevu ni lile lililofikia ukubwa wake wote hata kama halijaiva bado, na kinyume chake ni embe changa. Sasa tazama, mwezi nao tunausema hivyo hivyo, unaanza ukiwa mwezi mchanga, unapevuka, unakuwa mwezi mpevu, halafu unaanza kupungua. Lugha imeuona mwezi kama kitu kinachokua, na maneno mchanga na mpevu yanaitana yenyewe. Wazee wa pwani utawasikia pia wakisema mwezi wa kumi na nne, yaani usiku wa 14 tangu uandame, na hakuna wa kuchanganyikiwa kwa sababu kwenye kalenda mwezi wa 14 haupo. Washairi wana badri, limetoka Kiarabu, ndo hilo hilo la jina la Badru, na mwenzake ni hilali ambayo ni ule mwembamba. Haya ya ushairi sio lazima uyaweke kwenye kapsheni, yaani maneno ya chini ya picha, lakini ni vizuri uyajue.

Kuna wanaoandika "mwezi kamili". Siwezi kusema ni kosa, limo hata vitabuni, ila lina shida moja, mtu akikwambia "nimekaa Lushoto mwezi kamili" unaelewa siku thelathini. Neno mwezi kwetu linabeba kazi mbili, umbo la angani na kipimo cha muda, kwahiyo sifa unayoliongezea inabidi iamue ni mwezi upi. Mpevu linaamua palepale. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi "mwezi mkuu" ambalo nimeanza kuliona kwa watu wanaotaka kukwepa supamuni, maana linamwelekeza msomaji kwenye miezi mitukufu, wengine watadhani unazungumzia Ramadhani.

Haya, supamuni. Rafiki yako wa Nairobi hajakosea sana, neno linatumika na linaeleweka. Lakini tujue limetoka wapi. Alilitunga mnajimu wa Marekani, Richard Nolle, mwaka 1979, mnajimu kwa maana ya mtu wa nyota na bahati, sio mwanasayansi. Wanasayansi walilipokea baadaye kwa shingo upande kwa sababu watu walishalizoea. Kinachotokea ni kwamba mwezi hauizunguki dunia kwa duara kamili, njia yake imevutika kidogo, kuna siku unakuwa karibu na kuna siku unakuwa mbali. Kwa wastani uko kilomita 384,400, ukisogea sana unafika kama 356,500 na ukienda mbali unapita 406,000. Siku ya kupevuka ikigongana na siku za kuwa karibu ndo unapata huo wenu wa juzi. Ukiulinganisha na mwezi mpevu wa mbali kabisa unaweza kuwa mpana zaidi kwa asilimia 14 na kutoa mwanga zaidi kwa asilimia kama 30. Ule wa tarehe 14 Novemba 2016 ulivuma sana kwa sababu mwezi mpevu haukuwa umesogea karibu hivyo tangu Januari 1948, na utakaoupita ni wa tarehe 25 Novemba 2034.

Kwahiyo sababu yenyewe ni ukaribu, na Kiswahili kinaweza kulisema hilo wazi, mwezi mpevu wa karibu. Hilo ndo pendekezo langu kwa anayeandika habari au makala au anayefundisha. Kwenye kapsheni "mwezi mpevu mkubwa" linatosha kabisa na ni tamu kusoma. Na kama umeamua supamuni basi angalau lipe ngeli yake, ni neno la kukopa linakaa kwenye i-/zi-, supamuni imeonekana, supamuni zimefuatana. Sio "supamuni limetoka" na wala sio "supamuni ametoka". Mwezi wenyewe upo kwenye u-/i-, mwezi umetoka, mwezi ulikuwa mkubwa. Naona sana mitandaoni "mwezi imetoka", "mwezi inawaka", hiyo hapana jamani, mbalamwezi ndo inayowaka kwa sababu yenyewe iko i-/zi-.

Nigusie pia haya majina yanayokuja na vichwa vya habari, mwezi wa mbwa mwitu, mwezi wa stroberi, mwezi wa buluu. Hayo mengi ni majina ya majira ya Amerika Kaskazini, mbwa mwitu wa Januari na stroberi za Juni ni za kule. Ukitafsiri bila maelezo mtu wa Pangani atatoka nje kutafuta rangi ya buluu angani na hataiona, kumbe wanamaanisha mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda kama ilivyotokea mwisho wa Agosti 2023. Na mwezi wa damu ni habari nyingine kabisa, hapo mwezi umepatwa, unapita kwenye kivuli cha dunia, kama usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 ulipopatwa wote na sisi huku Afrika Mashariki tukauona. Wa juzi kama ulitoka na rangi ya chungwa pale baharini hiyo sio damu, ni hewa tu, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi ukiwa chini, ukipanda unarudi kuwa mweupe.

Na hapo hapo baharini kuna jambo la macho. Mwezi wowote mpevu ukiwa chini, karibu na minazi au paa za nyumba, unaonekana mkubwa kupita kiasi, na huo ukubwa mwingi unatengenezwa na akili zetu. Nyoosha mkono uufunike kwa kidole kidogo, utafunikwa wote. Rudia saa tano usiku ukiwa juu kabisa, kidole ni kile kile na kinaufunika vile vile. Kamera haidanganyiki hivyo, ndo maana watu wanalalamika kwamba jicho limeona sinia na simu imeleta kipunje cha mchele.

Sasa ile kazi niliyoisema. Picha ya mwezi na picha ya mbalamwezi ni picha mbili tofauti, na kamera moja kwa mpigo mmoja usiku mkubwa haiwezi kukupa zote vizuri. Mwezi ni jiwe linalopigwa na jua, yaani huko uliko ni mchana, kwahiyo unaupiga kama kitu kilichoko juani. Wenye kamera wana kanuni yao ya zamani, f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na kasi ya 1/100 au 1/125 ya sekunde, na madoa yake yote yanatoka. Kwenye simu iguse skrini palepale kwenye mwezi halafu ushushe mwanga mpaka duara lipungue weupe. Ukifanya hivyo mnazi ulio mbele unakuwa kivuli cheusi tu. Ukitaka mbalamwezi, yaani mchanga unavyong'aa, ngalawa zilizolala, mawimbi, hapo unahitaji kinyume chake, ISO 800, lenzi imefunguliwa f/4, sekunde 15 hivi kamera ikiwa imetulia kwenye tripodi, maana mbalamwezi ni hafifu kuliko mwanga wa jua kama mara 400,000. Picha itatoka inapendeza lakini mwezi wenyewe ukiingia humo utakuwa taa nyeupe isiyo na sura. Kwahiyo kama kwenye picha yako mwezi umetoka kama taa na bahari inaonekana, basi umepiga mbalamwezi na neno lako lilikuwa sahihi. Kama duara lina madoa na pembeni giza tupu, umepiga mwezi.

Ukitaka vyote viwili nenda siku moja kabla haujapevuka. Siku hiyo mwezi unatoka jua halijazama bado, dunia ina mwanga wake na mwezi una wake, vinakaribiana. Simama ufukwe unaotazama mashariki, pwani yetu imejaliwa hilo, Tanga, Dar kule Coco, Nyali Mombasa, mwezi unatokea baharini moja kwa moja. Zanzibar wageni wengi wanakwenda Forodhani na wanakosa, Forodhani inatazama machweo, mwezi unapanda nyuma yao juu ya majumba, wa kuutazama ukitoka majini ni aliyeko Paje au Jambiani. Ila angalia bamvua. Mwezi ukipevuka maji yanajaa sana na kupwa sana, pwani hii yanapanda na kushuka mita 3 hadi 4, na mwezi ukiwa karibu yanaongeza kidogo, usiache begi la kamera chini kwenye mchanga ukaenda mbele kupiga picha. Wenzetu wa Ziwa Victoria wao siku za mwezi mpevu hawana hata hamu nazo, wavuvi wa dagaa wanapumzika, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali taa zao hazivuti dagaa, wanasubiri giza lirudi. Waulize hao kama mwezi na mbalamwezi ni kitu kimoja, mwezi hauwaharibii kazi ukifunikwa na wingu zito, kinachowaharibia ni mbalamwezi.

La mwisho, sarufi yako. "Nimepiga picha ya mwezi" ni sawa. "Nimeupiga picha mwezi" ni sawa pia, na hiyo -u- ndani ya kitenzi ndo inayoonyesha kwamba mwezi ndo uliopigwa, kama tunavyosema nimempiga picha mtoto. Wanaoandika "nimeipiga picha mwezi" wamekosea ngeli, hiyo -i- ni ya mbalamwezi. Ila uwe makini na "nimepiga picha kwenye mbalamwezi", sentensi nzuri tu lakini inasema umepiga picha ya kitu kingine chochote, mtoto, ngalawa, nyumba, na mwanga uliotumia ni wa mwezi.