Mama yuko kwenye matibabu, mahakama inahesabu miezi

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya ustawi wa watoto hapa Marekani, mkipokea jalada la mzazi mwenye uraibu wa dawa za kulevya, tafuteni kwanza tarehe. Sheria ya shirikisho ya 1997 inataka ndani ya miezi 12 mahakama ikae kuamua mtoto ataishi wapi kwa kudumu. Mtoto akitimiza miezi 15 kati ya 22 iliyopita kwenye malezi ya kambo, yaani kulelewa kwa muda nje ya nyumba ya wazazi chini ya jimbo, kwa kawaida jimbo linatakiwa kuomba haki za mzazi zikatishwe. Hesabu huanza siku mahakama inapothibitisha kwamba mtoto alidhulumiwa au alitelekezwa, au siku 60 baada ya kuchukuliwa nyumbani, yoyote itakayotangulia.

Hesabu hiyo haingoji mama apate nafasi ya matibabu, na hapo ndipo familia nyingi huvunjika. Akishaanza methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini na dawa za jamii hiyo, mwanzoni hunywa dozi kliniki karibu kila siku, mara nyingi asubuhi. Ofisi nayo inampangia kumwona mtoto saa tatu asubuhi hiyohiyo, upande wa pili wa mji, naye anapanda basi. Akienda kliniki, jalada linaandikwa "hakufika". Akienda kwa mtoto, arosto, yaani maumivu ya kukosa dozi, inamnyemelea. Pigeni simu kliniki kabla ya kupanga ratiba. Na akiteleza akatumia tena, muulizeni daktari matibabu yabadilishwe vipi; uraibu ni ugonjwa sugu, kuteleza hutokea.

Sisemi sheria ni mbaya. Kabla yake watoto walizungushwa miaka nyumba hadi nyumba, na kwa mtoto wa miezi minane, mwaka mmoja ni mrefu kuliko maisha yake yote.

Lakini sheria ina milango. Jimbo linaweza kuacha kuomba haki zikatishwe kama mtoto yuko kwa ndugu, kama kuna sababu nzito iliyoandikwa, au kama jimbo lenyewe halikutoa huduma kwa wakati. Kwa hiyo andikeni tarehe mliyoomba matibabu na tarehe mliyojibiwa. Kwa familia zetu kutoka Kongo, ulizeni mapema mama mdogo, shangazi na bibi wako wapi.

Tangu sheria ya 2018, fedha za shirikisho zinaweza kulipia hadi miezi 12 mtoto akiishi na mzazi ndani ya kituo cha matibabu. Ulizieni nafasi hizo wiki ya kwanza, maana ni chache.